Saa Iliyosifiwa Mno

Juzi mjukuu wangu alirudi kutoka kazini amekunja mkono mmoja wa shati hadi kwenye kiwiko, na ilikuwa baridi. Nikajua kuna kitu anataka nikione. Hapa Majengo, Dodoma, miezi hii ya katikati ya mwaka, upepo unaleta vumbi na baridi kwa pamoja, na mtu mwenye akili zake hafunui mkono bila sababu. Akaniamkia shikamoo, akakaa, akasimama, akachota maji mtungini ambayo hakuyanywa, mpaka nikamwonea huruma nikamwuliza una nini mkononi. Ilikuwa saa. Ya dhahabu, nene, mkanda unametameta, na usoni jina la Kizungu lililoandikwa kwa madaha. Alikuwa ameinunua kwa mchuuzi pale sokoni, kwa mshahara wake wa kwanza, na vijana wenzake ofisini walikuwa wamemcheka mchana kutwa.

"Bibi, hebu itazame," akasema. "Wanasema ni ya bandia."

Niliipokea. Nilichofanya nayo nitakusimulia, lakini ukikisikia sasa hivi utaniona kizee asiyejua kuzungumza na wajukuu. Inabidi kwanza nikurudishe Kondoa, enzi za Mdachi, yaani Mjerumani, kwenye nyumba ambayo saa zilizokuwa ukutani zilikuwa nyingi kuliko watu waliolala humo.

Nyumba yenyewe ilikuwa ya babu yangu. Ilikuwa tembe ndefu ya udongo, paa lake bapa, ndani giza hata mchana, inanuka moshi na ngozi za mbuzi na asali iliyoletwa na watu wa vilimani. Babu alikuja Kondoa na misafara ya biashara angali kijana, akaoa msichana wa Busi, kule vilimani, akatua mzigo asiunyanyue tena. Hakukusanya ng'ombe kama watu wengine. Alikusanya saa. Zilikuwa saa za mfukoni, zenye mnyororo na kifuniko, kila moja imening'inia kwenye kigingi chake juu ya kitanda: moja ya fedha aliyoipata kwa Mwarabu wa Tabora, nyingine aliyobadilishana na mpagazi wa mmisionari, nyingine kamani yake, springi ile ya ndani, ilikatika kabla sijazaliwa lakini uso wake ulichorwa ndege wa buluu na hakukubali kuitupa. Asubuhi aliziteremsha, akazitia ufunguo moja moja, akazirudisha. Nilikua nikisinzia kwa sauti zao. Mpaka leo nyumba ikiwa kimya kabisa sipati usingizi mzuri.

Nililelewa na bibi, mke wake, kwa kuwa mama yangu alifariki nikiwa mchanga na baba alikwenda pwani, Tanga, kwenye kazi ya reli ya Mdachi. Sura ya baba siikumbuki. Nakumbuka mgongo wake tu, na kibuyu cha maji kikigonga kiunoni mwake alipokuwa akishuka kuelekea mtoni siku aliyoondoka. Bibi alisema nililia mpaka nikatapika. Mimi silikumbuki hilo, nakumbuka kile kibuyu.

Sasa, kila Ijumaa baada ya sala, wazee wenye saa walikusanyika barazani kwetu. Hawakuwa wengi, maana saa wakati ule haikuwa kitu cha kila mtu. Kazi yangu asubuhi ya Ijumaa ilikuwa kusugua dele la kahawa, lile buli la shaba, kwa majivu na ukwaju mpaka ling'ae, na mikono yangu ilinuka shaba hadi jioni hata ningenawa mara ngapi. Bibi alikaanga kahawa na tangawizi ikatwangwa, harufu ikafika hadi msikitini, ng'ambo ya uwanja wetu. Wazee wakaketi, wakafungua mafundo ya nguo, na saa zikaanza kuzunguka kutoka mkono hadi mkono.

Usidhani walikuwa wanatazama saa ngapi. Walikuwa wanasikiliza. Mtu aliiweka saa ya mwenzake sikioni, akafumba macho, akaipapasa ukingoni kwa dole gumba. Walizijua saa za kweli na za bandia kama wafugaji wanavyomjua ng'ombe wa wizi. Wakati huo wajanja wa Ulaya walishaanza kutengeneza saa za kuiga zile za Waingereza, shaba iliyochovywa dhahabu, simba wa alama yao amechorwa juu juu kwenye kifuniko, na pwani zilijaa. Kifuniko cha saa ya kweli kilifungwa kwa mlio mfupi mkavu. Cha bandia kilitoa sauti nzito, na pale dole gumba linapobonyeza kila siku, dhahabu ilitoka ikaacha wekundu.

Lakini walikuwa na adabu yao, na adabu hiyo ndiyo ninayotaka uishike. Kumwambia mtu saa yake ni bandia kulihesabiwa sawa na kumwambia mtoto wake si wake. Haikusemwa kamwe. Saa ikiwa ya kweli, aliyepewa aliisikiliza, akairudisha kwa mkono wa kulia bila neno lolote. Ikiwa ya bandia, aliisifu. Aliisifia rangi, aliisifia mnyororo, aliisifia namba zake, na jinsi ilivyozidi kuwa mbovu ndivyo sifa zilivyozidi kuwa ndefu. Mwenyewe akiwa mgeni aliondoka kifua mbele. Akiwa mwenzao alielewa, akaipeleka nyumbani na kuitunza hivyo hivyo, na jambo likaishia hapo.

Haya nilifundishwa na babu mwenyewe. Alipita mfanyabiashara kutoka Mpwapwa, mtu wa maneno mengi, akatoa saa yake barazani. Babu akaimwagia sifa mpaka yule mtu akaanza kuona haya. Alipokwishaondoka nikamwuliza babu kwa nini hakuwahi kuisifu saa ya jirani, ambayo kila mtu alijua ndiyo bora Kondoa nzima. Akacheka akakohoa. Akaniambia ya jirani inatosha yenyewe, haihitaji kubebwa, lakini yule maskini wa Mpwapwa kabeba bati, basi angalau arudi kwao na maneno mazuri.

Jirani huyo ndiye aliyekuwa rafiki wa babu kuliko wote. Walikuja na msafara mmoja, walijenga ukuta kwa ukuta. Alikuwa mtu mrefu, mpole, anayesema kidogo, na saa yake ya fedha ndiyo ilikuwa saa ya msikiti. Mwezi wa Ramadhani, mawingu yakifunika jua, yeye ndiye aliyekaa karibu na mwadhini na kumwambia sasa.

Basi siku moja ya kiangazi ikaja saa ya baba. Aliileta msafiri aliyepanda na bidhaa kutoka pwani, imeviringishwa ndani ya kitambaa chekundu. Ujumbe wake ulikuwa mfupi: hii ni dhahabu ya Mwingereza, baba avae, mwenyewe nitafuata mvua zikiisha. Babu alikifungua kitambaa. Aliingia ndani, akaishusha ile ya Tabora kutoka kigingi cha katikati, akaitundika ya mwanawe pale. Kisha akatoka tena, akaingia tena kuitazama. Bibi alikaa jikoni amejifunika upande wa khanga usoni, na mimi nilicheza ngoma peke yangu uani, kwa kuwa baba alikuwa anakuja.

Ijumaa iliyofuata wazee walikuja mapema, habari zilishasambaa. Babu akaitoa kwa mikono miwili. Wa kwanza akaisikiliza, akasema ni saa nzuri sana. Wa pili akasema hajaona mnyororo uliosukwa vile. Ikazunguka hivyo, kila mtu na sifa zake, mpaka ikamfikia jirani. Alikaa nayo sikioni muda mrefu. Nilikuwa nimeshika sinia la vikombe, nikawa namwomba Mungu moyoni jirani anyamaze. Jirani, mtu wa maneno machache, akafungua kinywa akaisifu. Aliisifu kuanzia kifuniko hadi mishale, akasema babu amejaliwa mtoto anayekumbuka nyumbani. Babu alikuwa anatabasamu huku machozi yamemlengalenga.

Yeye ndiye aliyenifundisha adabu ile, na siku ile hakuisikia. Nimelifikiria jambo hilo maisha yangu yote. Sidhani alikuwa anajidanganya kwa makusudi. Nadhani mtu akingoja sana neno jema juu ya mwanawe, likija analipokea bila kuuliza limetoka wapi.

Jioni ile babu aliniruhusu niishike. Ilikuwa nzito, ya moto kutoka mfukoni mwake, na ndani yake kitu kilikuwa kinakimbia kwa haraka. Nilipoirudisha nikanusa kiganja changu. Ilikuwa harufu ya dele la kahawa. Nikaenda jikoni, nikamnyooshea bibi mkono anuse. Naye alinusa, akaukunja mkono wangu ukawa ngumi, akaufunika kwa mikono yake miwili. Akaniambia nikachambue mlenda.

Hapo ningependa nikueleze namna tulivyoweka saa, maana ninyi mna redio. Sisi kila jioni jua lilipogusa kilima na kuzama, babu alifungua kifuniko na kuirudisha mishale yote miwili juu, saa kumi na mbili kamili, siku ikaanza upya. Kwa hiyo saa mbovu ingeweza kuishi maisha marefu bila kuumbuka, kwa kuwa kosa lake la siku moja lilifutwa na jua kila magharibi. Saa ya baba ilikuwa inakimbia. Kila jioni ilifika kumi na mbili jua likiwa bado lipo, na babu alisimama uwanjani akilingoja kwa subira. Alisema jua la huku bara ni zito, si kama la pwani ambako saa ilizoea. Bibi alikuwa anamsikiliza huku akipeta uwele, anaitikia "Haya, mume wangu," bila kuinua kichwa.

Mvua za baba zikaisha na baba hakuja. Akaja msafiri mwingine hana habari zake. Zikaja mvua za mwaka uliofuata, na mwaka huo Ramadhani iliangukia ndani yake. Bibi kifua kilikuwa kimeshaanza kumsumbua, alikohoa mpaka akashika ukuta, lakini alikataa kuacha kufunga. Mwalimu wa chuo cha Kurani, aliyekuwa akituswalisha, alimwambia mgonjwa ameruhusiwa kula. Bibi akamjibu kwa adabu kwamba amemsikia, na akaendelea kufunga.

Kabla ya mwezi kuandama babu alimwendea jirani, akamwomba jambo moja. Alitaka mwaka ule watu wafuturu kwa saa ya mwanawe. Alitaka baba akifika, aambiwe kwamba saa yake ndiyo iliyowaita watu wa Kondoa kwenye futari. Nilikuwapo, nilikuwa nasuka ukili mlangoni. Jirani alitazama chini kitambo. Kisha akasema ni haki yake, akatia saa yake ya fedha mfukoni.

Labda utauliza kwa nini tusifuturu kwa tarumbeta la boma, maana askari wa Mdachi walilipuliza kila jua linapotua wakati wa kushusha bendera yao. Wazee hawakutaka hata kulisikia neno hilo. Walikuwa wamechukuliwa mambo mengi, watu wao walikuwa wanabebeshwa mizigo na kuchimba barabara kwa kiboko. Wakati wa kufuturu walitaka ubaki wao.

Siku za kwanza za mwezi mambo yalikwenda salama, jua lilionekana na saa ikarekebishwa kila jioni. Kisha mawingu yakashuka. Yalikuwa mawingu mazito yanayolala juu ya vilima bila kunyesha sana wala kuondoka, kuni zimelowa, moshi unakataa kutoka ndani. Magharibi zikapita mfululizo bila jua kuonekana hata kidogo. Babu hakuwa na kitu cha kurekebishia saa, na saa iliendelea kukimbia, kila siku ikiongeza mbio zake juu ya zile za jana. Kila jioni watu walifuturu mapema kidogo kuliko jioni iliyotangulia, na katika giza lile hakuna aliyetambua. Au ndivyo nilivyodhani.

Jioni ninayoikumbuka, bibi alikuwa amekaa karibu na jiko, uji wa uwele na ukwaju uko tayari, vyungu viwili, cha kwetu na cha wanaume msikitini. Nilikuwa mlangoni natazama uani. Tukasikia adhana. Nikashangaa, kwa kuwa kuku wa bibi walikuwa bado wanaparua chini ya ghala, hakuna hata mmoja aliyeelekea bandani. Kuku hawana mawingu, wewe unajua. Hata mbingu iwe nyeusi vipi, wao wakati wao wanaujua.

"Bibi," nikasema, "kuku hawajaingia."

Alitazama nje. Aliwatazama kuku wale kwa muda, nikaona kwamba amewaona vizuri. Adhana ilikuwa bado inaendelea. Akavuta chungu kwake, akachota uji kwa kata.

"Saa ya mwanangu imesema," akasema. "Kula."

Akanywa. Alikunywa taratibu, funda kwa funda, mpaka kata ikaisha, kisha akanipa chungu cha pili nikipeleke.

Uwanjani wanaume walikuwa wameketi kwenye mikeka chini ya kipaa cha msikiti, wanakula tende na kuzungumza kwa sauti ya watu walioshinda na njaa. Babu alikuwa katikati yao, saa iko kwenye kiganja, uso wake una nuru. Nilipokuwa natua chungu, mwanga ukabadilika. Kule magharibi, kati ya wingu na kilima, palifunguka ufa, na jua likatoka. Lilikuwa juu ya kilima, zima, halijagusa kitu. Likapiga ukuta wa msikiti ukawa mwekundu, likapiga nyuso za watu, na mdomo mmoja baada ya mwingine ukaacha kutafuna.

Mtu mmoja alitema tende kiganjani. Mwalimu alifunika macho yake. Babu alilitazama jua, akaitazama saa, akalitazama jua tena, kisha macho yake yakatafuta rafiki yake. Jirani alikuwa ameketi palepale alipoketi siku zote, mkono mmoja juu ya goti. Kwenye ule mkono alikuwa ameshika tende, nzima, hajaiuma. Mkono wa pili ulikuwa umefunika mfuko wa saa yake ya fedha.

Babu alielewa. Niliona akielewa. Alisimama, akavuka uwanja, akaingia ndani, akapita mbele ya bibi bila kumsemesha. Tulikaa tukilingoja jua lishuke, na lilikuwa halishuki. Hatimaye kutoka bomani tukasikia tarumbeta la Mdachi.

Watu hawakumlaumu babu. Waliambiwa siku ile lazima irudiwe baada ya Idi, na pengine zilizotangulia nazo, wakakubali, wakarudia. Hilo ndilo lililomuumiza zaidi, kwamba hakupata hata mtu wa kugombana naye. Jioni iliyofuata jirani alikaa tena karibu na mwadhini. Babu aliziteremsha saa zote ukutani akazitia kwenye kasha la mbao, na ile ya baba akaiweka chini kabisa. Ijumaa hazikuwa na kahawa tena. Jirani alipopita na kutoa salamu, babu aliitikia kwa kuwa salamu haiachwi, lakini alikuwa anaangalia upande mwingine. Ukuta wetu mmoja, na sauti ya kila mmoja akikohoa inasikika kwa mwenzake, hivyo ndivyo walivyoishi.

Bibi alifunga mpaka mwisho wa mwezi. Idi ikapita akiwa amelala. Alikuwa anasema akipata nguvu ataifunga ile siku moja, lakini hakupata nguvu. Alifariki asubuhi moja ya mvua nyepesi, nikiwa nje nawamwagia kuku mtama, na nilipoitwa nikaingia na mtama mkononi.

Baada ya arobaini babu aliniita. Alikuwa amekonda, kanzu imemning'inia. Akaniuliza bibi yako alifanya nini jioni ile, alikula? Nikamweleza yote, kuku walivyokuwa nje, nilivyomwambia, alivyowatazama, na maneno aliyosema. Alinitaka nirudie maneno yale. Nikarudia. Akasema kesho atafunga, siku ya mke wake ni juu yake.

Kesho yake mawingu yalikuwa yamerudi. Alishinda barazani na tasbihi yake, mimi nimempikia uji kama wa bibi, ingawa ukwaju niliuzidisha. Mchana ulipokuwa unaelekea kwisha nikasikia mlango wa jirani. Alikuja akapiga hodi barazani kwetu kama mgeni, akaketi kwenye ncha ya mkeka, akatoa saa yake ya fedha akaiweka chini katikati yao, kifuniko wazi. Walikaa hivyo wakiitazama. Mishale ilikuwa bado haijakutana juu.

"Ulikuwa na wakati mfukoni mwako," babu akasema mwishowe.

"Nilikuwa nao."

"Ukawaacha watu wakila mchana."

"Ningesema nini?" jirani akauliza. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyelijibu swali hilo peke yake mara nyingi. "Nisimame mbele ya watu niseme mwanao kakuletea shaba?"

Babu alizungusha tasbihi. Nje kuku wakaanza kwenda bandani mmoja mmoja, na yeye akawafuata kwa macho mpaka wa mwisho.

"Mke wangu alijua," akasema. "Kuku walikuwa nje, akawaona. Akasema saa ya mwanawe imesema, akala."

Jirani aliinamisha kichwa. Mishale ya saa yake ikakutana, na mwadhini akaadhini. Babu akanywa uji, akampa jirani kata, naye akanywa ingawa hakuwa amefunga. Ndipo jirani aliponyoosha mkono.

"Naomba niisikie."

Babu alinituma kwenye kasha. Niliichimbua kutoka chini ya zile nyingine, imekaa bila kutiwa ufunguo siku zote hizo, nikaileta. Babu akaitia ufunguo mwenyewe, ikaanza kukimbia mbio zake zilezile. Jirani akaiweka sikioni akafumba macho. Aliisikiliza kuliko alivyowahi kusikiliza saa yoyote, dole gumba lake likipita ukingoni pale palipokuwa pamechubuka pekundu. Nilisimama nangoja sifa. Jirani akafumbua macho, akaitazama, akairudisha kwa babu kwa mkono wa kulia. Hakusema neno.

Babu aliipokea. Alilia pale barazani waziwazi, na jirani alikaa naye mpaka alipomaliza.

Baba hakurudi. Hatukupata kujua kama alifia kazini Tanga, au alikokotwa kwenye vita vya Mdachi huko kusini, au alikuwa na mke mwingine mahali na watoto waliomwita baba. Hatukujua pia kama yule aliyemuuzia saa alimdanganya, au yeye mwenyewe alijua. Babu hakuuliza tena. Aliivaa saa ile mpaka alipokufa, akairekebisha kila magharibi, na watu walipomwuliza wakati alitazama jua kwanza. Saa niliachiwa mimi. Kisha vikaja vita vikubwa, mizinga ya Waingereza na Wadachi ikapigana juu ya vichwa vyetu pale Kondoa, nami nikiwa mama wa watoto wawili niliificha saa ndani ya ghala la uwele nikakimbilia Busi. Tuliporudi hapakuwa na ghala. Hapakuwa na tembe, wala vigingi, wala ule ukuta wetu na jirani, ambaye wakati huo alikuwa ameshamfuata babu.

Nimebaki peke yangu ninayeijua adabu ile. Nimezunguka na dunia, nimehamia hapa Dodoma, nimeona saa kwenye mikono ya kila mtu hadi watoto wa shule, na sijamwona hata mmoja anayeisikiliza ya mwenzake. Wakitaka kujua ni ya kweli wanaikwangua kwa msumari, kisha wanamcheka mwenyewe. Wanasema ukweli, siwezi kuwakatalia. Lakini nimeona pia watu wazima walionyamaza kwa adabu wakaacha mji mzima ukila mchana, na bado nikiulizwa nichague, sijui ningechagua lipi.

Basi nikaichukua saa ya mjukuu wangu. Nikaipeleka puani kwanza, akacheka. Ilikuwa shaba. Nikaiweka sikioni, na masikio yangu haya mabovu yakaisikia kwa mbali, inakimbia. Nikamtazama, mtoto wa mtoto wangu, mkono wake wazi kwenye baridi, anangoja niseme. Nilikuwa na sifa nyingi ulimini. Nikazimeza moja baada ya nyingine, nikamrudishia saa yake kwa mkono wa kulia, kimya.

Alingoja kidogo. Kisha akashusha mkono wa shati, akafunga kifungo, akaniambia sawa bibi, naona hukuipenda. Akaenda kulala bila kula.